Kitabu Nilichokificha Ghalani

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ndogo, ya kwanza. Leo bwana shamba, Donatus, ametugawia madaftari wakulima wote wa pamba. Anataka tuandike siku ya kupanda, siku za mvua na siku za kupiga dawa, mpaka tutakapovuna. Nina miaka kumi na tisa nalima pamba hapa karibu na Mhunze na sijawahi kuandika chochote. Mke wangu Mbuke, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alilipekua daftari akasema, "Baba Vumilia, usiandike mvua peke yake. Andika na siku ilivyokwenda. Utaipenda." Basi naandika.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua nzuri. Tumeanza kupanda, mimi na binti yetu Vumilia wa kidato cha pili. Mbuke hakuwepo. Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya ualimu, anasoma huku anafanya kazi, na kila Jumamosi hupanda gari la alfajiri kwenda Shinyanga mjini kwenye kituo cha chuo chao. Anakwenda kwa ajili ya maktaba. Amerudi saa kumi na mbili jioni na vitabu viwili alivyovifunga kwa nailoni visilowe. Amepika, amesahihisha madaftari ya wanafunzi, kisha akaanza kusoma. Nikamuuliza kama anajua tumepanda mistari mingapi. Akasema hajui. Nikamtajia.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua hakuna.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua kubwa. Tulikuwa tunakula, simu ya Mbuke ikalia. Alikuwa mkutubi wa kule maktaba, anaitwa Bartholomeo. Ndani mtandao haushiki, kwa hiyo alitoka akasimama chini ya ukingo wa bati, maji yanamrukia miguuni, anaongea na kucheka. Ugali wake ukapoa. Aliporudi nikamuuliza mtu wa maktaba ana habari gani za kuchekesha.

"Ananifundisha kuingia kwenye maktaba ya kwenye simu," alisema. "Nimekosea neno la siri mara tano. Akasema mlango wenyewe umechoka kunikataa."

Sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua ya wastani. Pamba imeota vizuri isipokuwa kona ya bondeni. Mbuke amekwenda Shinyanga tena. Anaandika utafiti kuhusu watoto wanaoongea Kisukuma nyumbani na kufundishwa kusoma kwa Kiswahili shuleni. Anataka kujua kwa nini wengine wanafika darasa la nne hawajui kusoma. Kuna kitabu kimoja anachokihitaji sana, hakipo Shinyanga wala Mwanza. Bartholomeo amekiomba maktaba kuu ya chuo, Dar es Salaam. Bartholomeo kafanya hiki, Bartholomeo kasema kile. Leo nimelihesabu hilo jina mara sita kabla hatujamaliza kula.

Jumatano, 25 Desemba

Mvua hakuna. Tumechinja jogoo. Mbuke ameimba kwaya kanisani kwa gauni la kijani, na watu wamemsifia. Nilifurahi.

Jumamosi, 4 Januari

Mvua kubwa siku tatu mfululizo. Magugu yameifunika pamba. Nimemwambia Mbuke Jumamosi zote za mwezi huu ni za palizi, hakuna kwenda mjini. Alinitazama akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Akachukua jembe. Hakubisha, na mimi nikajiona nimefanya jambo la mwanaume mwenye nyumba yake.

Jumamosi, 11 Januari

Mvua ndogo. Mbuke alikuwa anaoga baada ya kutoka shambani. Simu yake ilikuwa mezani, ikawaka. Nikaisoma. "Mwalimu, usikate tamaa. Nipo kwa ajili yako. Ukikwama piga saa yoyote. Nakungoja."

Nilirudi nyuma kwenye jumbe za zamani. Kuna moja inasema, "Umekula? Usisome na njaa." Kuna nyingine inasema, "Leo umenifurahisha sana." Niliiweka simu kama nilivyoikuta. Alipotoka kuoga nilimtazama usoni mpaka akauliza kama ana tope.

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Tumepalilia.

Jumanne, 21 Januari

Mvua asubuhi. Jioni nimeisoma tena simu yake. "Mwalimu Mbuke, kile ulichokitamani nimekipata. Nimekutumia kwa basi, kesho kitakuwa dukani kwa Rushabh. Kwa kweli sikupaswa kufanya hivi, nimefanya kwa ajili yako tu. Ibaki kati yetu."

Nimeufuta ule ujumbe. 

Jumatano, 22 Januari

Mvua hakuna. Duka la Rushabh pale Mhunze ndilo linalopokea mizigo ya mabasi. Rushabh hakuwepo, nikamkuta mama yake, Champaben, anayenifahamu tangu nikiwa kijana. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nimekuja kuchukua mzigo wa mke wangu. Akanipa daftari la mizigo nisaini. Niliandika "Mbuke". Sijui kwa nini sikuandika jina langu, Boaz.

Niliifungua bahasha njiani, nimeegesha baiskeli pembeni. Nilitarajia kanga, au saa, au manukato. Kilikuwa kitabu. Kitabu kinene cha Kiingereza, kina mihuri ya maktaba mbele na nyuma. Nilikitikisa nione kama kuna barua ndani. Haikuwepo.

Ningeweza kumpelekea. Ningesema nimepita kwa Rushabh nikaukuta mzigo wake. Lakini angeuliza nilijuaje kwamba upo, na ningelazimika kusema habari za simu. Halafu nikakumbuka yale maneno, kati yetu, na hasira ikanirudia. Nimekiweka ghalani, chini ya magunia matupu ya mwaka jana, kwenye kona ya udongo. Nimejiambia ni kwa siku mbili tatu tu.

Ijumaa, 31 Januari

Mvua kubwa. Nimepiga dawa mara ya kwanza, mvua imeiosha yote.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua kubwa. Bartholomeo amempigia Mbuke kumwambia wiki mbili zimekwisha, kitabu kinatakiwa. Nilimsikia akiwa chini ya bati anasema, "Kitabu kipi? Sikupata ujumbe wowote." Aliporudi ndani uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniuliza kama nimesikia habari ya mzigo kwa Rushabh. Nikasema sijasikia.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua hakuna. Mbuke alipita dukani akitoka shule. Nilikuwa nachonga mpini wa jembe alipofika.

"Nimemkuta Rushabh tu, hajui nani alichukua. Daftari la duka lina jina langu," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekipokea," alisema, akaingia jikoni kuwasha moto.

Jumapili, 9 Februari

Mvua. Hakwenda kwaya.

Jumatano, 12 Februari

Mvua kubwa. Maktaba imemfungia Mbuke. Mpaka kitabu kirudi hawezi kuazima kingine, na hata ile maktaba ya kwenye simu haifunguki. Ripoti yake inatakiwa tarehe ishirini na nane mwezi huu. Asipoipeleka ataurudia mwaka. Alituambia mezani, mimi na Vumilia, kwa sauti ileile anayotangazia kwamba chumvi imekwisha. Vumilia akasema, "Mama, si uwaambie hujakichukua?" Mbuke akamjibu, "Nimewaambia, mwanangu. Lakini jina ni langu."

Kisha akanitazama. Niliinama nikala.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimekwenda Shinyanga. Nilimwambia Mbuke nafuata dawa ya pamba. Nilikuwa nakwenda kumwona huyo Bartholomeo. Nilitaka nimtazame, nimwambie aachane na mke wangu, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima.

Maktaba yenyewe ni vyumba viwili vya bati kwenye uwanja wa kituo. Ndani kulikuwa na rafu, meza nne na kompyuta tatu, na kwenye kiti alikuwa ameketi mzee. Nilifikiri ni mlinzi. Ana mvi kichwa kizima, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, na mguu wa kushoto umevimba, ameuweka juu ya kigoda. Alikuwa anaongea na simu, akaniashiria nikae.

Nilikaa nikamsikiliza. Alikuwa anaongea na muuguzi mmoja, Zipora, aliye kwenye kisiwa huko upande wa Geita. Alikuwa anamsomea ukurasa wa kitabu polepole, aya moja moja, naye kule anaandika, kwa sababu kisiwani mtandao hauwezi kuleta picha ya ukurasa. Alipomaliza akasema, "Umekula, Zipora? Usisome na njaa." Simu ikakatika, ikaingia nyingine, ya kijana wa Buzwagi ambaye amekwama kwenye mtihani wa hesabu. Akamwambia, "Usikate tamaa. Nipo kwa ajili yako. Njoo Jumamosi, nakungoja."

Yale yale. Neno kwa neno.

Ukutani nyuma yake kuna karatasi ndefu zilizounganishwa kwa gundi. Zimeandikwa majina, mahali mtu alipo, anatafuta kitu gani, na saa ambayo simu yake inapatikana. Maganzo. Mhunze. Kahama. Mmoja yuko gerezani. Watu zaidi ya mia moja, na wote anawapigia yeye.

Aliponigeukia nikasema, "Mimi ni mume wa Mbuke. Baba Vumilia." Alisimama. Kwa ule mguu, alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwangaluka, ndugu yangu," alinisalimia kwa Kisukuma. "Kumbe ni wewe. Mwalimu ananiambia kila siku, mume wangu ndiye anayebeba shamba lote ili mimi nisome. Wanafunzi wangu wengi hawana mtu kama wewe nyumbani."

Alidhani nimekuja kumtetea mke wangu kuhusu kile kitabu, akanionyesha barua mbili. Ya kwanza ni onyo alilopewa yeye. Kitabu kile ni cha kusomewa ndani tu, nakala pekee, na alikiruhusu kitoke kwa sahihi yake mwenyewe, mwazimaji akamwandika Mbuke. "Mwalimu aliniambia Januari hana Jumamosi, palizi imewazidi," alisema. "Nikaona kitabu kikifika halafu yeye hafiki, ni sawa na hakikuja. Ndiyo maana nilimwomba ibaki kati yetu. Nastaafu Juni, sikutaka maneno."

Barua ya pili imebandikwa mlangoni, mimi nilikuwa nimeipita nikiingia. Inasema kuanzia Machi mosi kituo hiki hakitatuma tena kitabu chochote kwa basi. Nikamuuliza, "Hata kwa yule wa kisiwani?"

"Hata yeye. Nitaendelea kumsomea kwa simu, kama koo litaruhusu." Akaketi, akaupandisha mguu kwa mikono. "Nimewaandikia Dar kwamba mwalimu Mbuke si mtu wa kupoteza kitabu. Kimekwama mahali. Nisaidie kukitafuta, ndugu yangu."

Nikasema nitakitafuta.

Nimefika nyumbani saa kumi, nimekwenda moja kwa moja ghalani. Nilipoinua magunia, udongo mbichi ulikuwa umepanda kutoka sakafuni. Mchwa. Jalada la juu lilikuwa zima, lina mihuri yake. Nilipolifunua, ndani hakukuwa na kurasa. Palikuwa na vichuguu vya udongo na pindo za karatasi, na wadudu weupe wanakimbia. Nilipokiinua mgongo ulikatika.

Nimekaa mle ghalani mpaka Vumilia akaja kuniita.

Jumamosi, 15 Februari

Sikumbuki kama mvua ilinyesha.

Asubuhi, Vumilia alipokwenda kisimani, nilikileta kile kitabu kwenye sinia na kukiweka mbele ya Mbuke. Nilimwambia yote. Simu, dukani, ghalani. Nilimwambia nilivyomwona yule mzee. Nilisema nilidhani ni mwanaume mwenzangu anayemtaka.

Alikuwa anachambua mchele.

"Nilijua tangu siku ile dukani," alisema. "Umeandika Mbuke kwa herufi kubwa mwanzo na kubwa mwisho. Ni wewe tu unayeandika hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme. Nilisema labda kesho. Walipofunga maktaba nikasema sasa atasema, hawezi kuniacha nirudie mwaka. Nikakuangalia pale mezani. Ukala."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu. Alisema niinuke, Vumilia asinikute hivyo.

"Ungenipiga ningejua umekasirika," alisema. "Ungeniuliza ningekujibu. Lakini wewe ulikaa na mimi wiki tatu, unaniona natafuta, nakuuliza unasema hujasikia." Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia siku nzima. "Yule mzee nilimwambia uongo, Boaz. Nilimwambia unanibeba."

Hajawahi kuniita Boaz tangu Vumilia azaliwe.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua ndogo. Mbuke amehamia kwa mwalimu mwenzake Eunice, kwenye nyumba za shule. Amechukua nguo, taa ya sola na karatasi zake. Vumilia amebaki nami kwa sababu ya shule yake.

Jumanne, 18 Februari

Mvua kubwa. Nimerudi Shinyanga na mabaki ya kitabu kwenye mfuko wa mbolea. Nilimwambia Bartholomeo kila kitu, nimesimama. Alivua miwani. Simu yake iliita mpaka ikanyamaza, ikaita tena, hakuipokea.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "nimewahofia panya, mafuriko na wanafunzi wasiorudisha. Sikuwahi kumhofia mume." Hakusema kwa ukali. Alichukua karatasi akaandika barua kwamba Mbuke hana kosa, na mimi nikaweka sahihi yangu, jina langu la kweli safari hii. Nikamuuliza kama sasa watawaruhusu kutuma vitabu kwa basi.

"Barua ikishatoka Dar hairudi haraka," alisema. "Nenda salama."

Ijumaa, 21 Februari

Mvua hakuna. Vumilia anasema maktaba imemfungulia mama yake, na chuo kimemwongezea muda mpaka mwisho wa Aprili. Bartholomeo ndiye aliyemwombea. Kile kitabu hakipo mahali pengine, ataandika bila hicho.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Pamba imetoa maua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kubwa. Nilimpelekea Mbuke mahindi mabichi. Alikuwa nje na Eunice, amezungukwa na karatasi zilizowekewa mawe zisipeperuke. Alinishukuru, akayapokea, akaniuliza habari za wadudu kwenye pamba. Tuliongea habari za wadudu. Sikukaribishwa kiti.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua ndogo. Nilimwona kwenye kwaya. Amekonda.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua hakuna. Vumilia ameniambia mama ameipeleka ripoti, imekwenda leo. Nikasema vizuri. Nikatoka nikaenda kona ya bondeni ambako hakuna kazi yoyote.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zimekwisha. Pamba imeanza kupasuka. Donatus amepita, amesema shamba langu ni zuri kuliko yote upande huu. Aliuliza Mama Vumilia yuko wapi, ampongeze naye. Nikasema yuko shuleni.

Jumamosi, 14 Juni

Tunachuma. Nilikwenda mjini kutafuta magunia nikapita kwenye kituo. Bartholomeo amestaafu. Kwenye kiti chake yuko dada mmoja mpole sana. Zile karatasi za majina zimeondolewa ukutani, amesema wanafunzi sasa wanajaza maombi yao kwenye kompyuta. Nikamuuliza habari za muuguzi Zipora wa kisiwani. Akatafuta kwenye kompyuta yake kwa muda mrefu. Alimwona. Ameandikwa kwamba ameahirisha masomo tangu Aprili.

Jumamosi, 21 Juni

Mbuke amepata uhamisho kwenda Geita. Amekuja leo na pikapu kuchukua vitu vyake, na Vumilia anakwenda naye. Nilijua tangu wiki iliyopita, Vumilia aliniambia akiwa amenipa mgongo.

Nilibeba mizigo. Kitanda cha Vumilia, masufuria, kabati dogo, halafu makasha yake matatu ya vitabu na karatasi. Dereva alitaka kunisaidia nikamkatalia. Tulipobaki wawili nyuma ya gari Mbuke alisema, "Ripoti imepita. Nimeona ni haki ujue."

"Hongera."

"Asante."

Nilimwambia nikimaliza kuuza pamba nitakuja Geita, tuzungumze, kama ataniruhusu. Alisema Vumilia atafurahi kuniona likizo. Nikasubiri kama ataongeza neno. Alikuwa anatazama makasha.

"Kile kitabu," alisema. "Hukukifungua hata kidogo? Kabla ya mchwa?"

"Nilikifungua kutafuta barua. Ni Kiingereza, Mbuke. Nisingeelewa kitu."

"Kilikuwa kinaeleza habari za watoto wanaoogopa kuulizwa swali darasani kwa sababu hawaijui lugha. Wanakaa kimya mpaka wanakuwa watu wazima." Alifuta kitu machoni kwa upande wa kiganja. "Ungenipa, ningekusomea."

Akaenda kukaa mbele na Vumilia. Nilichukua kamba nikaufunga mlango wa nyuma wa pikapu, kwa sababu komeo lake ni bovu, nikaikaza mara mbili ili makasha yasidondoke njiani. Kisha nikagonga bati mara moja, kumwambia dereva aende.